Nani Mwenye Shule? Historia ya Kuchagua Shule Bagamoyo

Katika nchi nyingi kuna mabishano ya muda mrefu kuhusu nani anayefaa kuendesha shule zinazogharimiwa na kodi za wananchi, na kama mzazi apewe uhuru wa kuamua fedha hizo zimsomeshe mwanawe wapi. Nchini Marekani mabishano hayo yamejikita katika aina ya shule ambazo kwa Kiswahili zinaweza kuitwa shule za mkataba, yaani shule zinazolipiwa na dola na zisizomtoza mzazi ada, lakini ambazo uendeshaji wake umekabidhiwa kwa kikundi cha walimu, shirika au kampuni, kwa makubaliano yanayotaja matokeo yanayotarajiwa na kuruhusu shule ifungwe yasipopatikana. Jimbo la Minnesota ndilo lililotangulia kupitisha sheria ya namna hiyo mwaka 1991, na shule ya kwanza ilifunguliwa mjini Saint Paul mwaka uliofuata. Wanaozitetea husema kwamba fedha ikimfuata mtoto, shule zitalazimika kushindana na zote zitaboreka. Wanaozipinga husema kwamba kila mtoto anayehama huondoka na sehemu ya bajeti ya shule anayoiacha, wakati paa la shule hiyo, mwalimu wake mkuu na madeni yake vinabaki vilevile.

Tanzania haina sheria ya shule za mkataba. Hata hivyo, jambo lenyewe, yaani dola kumlipa mtu mwingine aisomeshee watoto, lilitekelezwa nchini humu kwa zaidi ya miongo minne, tena kabla ya Marekani kulifikiria, na matokeo yake yalichangia kuamua ni mikoa ipi ingetoa mawaziri, madaktari na maprofesa baada ya Uhuru na ipi ingebaki nyuma. Bagamoyo, hasa eneo la mji mkongwe katika Kata ya Dunda, ni mahali pazuri pa kuifuatilia historia hiyo, kwa sababu takriban kila aina ya mwenye shule aliyewahi kutokea katika Afrika Mashariki alipita hapo: sheikh na chuo chake, padri na misheni yake, tajiri wa Kihindi, Mjerumani, Mwingereza, chama cha siasa, serikali huru na hatimaye mfanyabiashara wa elimu.

Shule ya kwanza ya mji huo ilikuwa chuo, yaani mahali ambapo watoto walikaa chini mbele ya mwalimu mmoja na kujifunza kusoma Kurani, na waliofika mbali zaidi wakaendelea na fiqhi, lugha ya Kiarabu na uandishi wa Kiswahili kwa hati za Kiarabu. Chuo hakikuwa na serikali juu yake. Mzazi alimchagua mwalimu kwa sifa zake, akampa ada kwa kadiri ya uwezo wake, na asiporidhika alimhamishia mtoto kwa mwalimu wa mtaa wa pili. Ni kosa kudhani, kama baadhi ya ripoti za kikoloni zilivyodhani, kwamba pwani ilikuwa haina elimu hadi wageni walipofika. Barua za biashara, hati za mashamba na mashauri ya kadhi viliandikwa na watu waliopita katika vyuo hivyo.

Mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu, waliokuwa wamekwisha kuanza kazi Unguja, walifika Bagamoyo mwaka 1868 wakiongozwa na Padri Antoine Horner, wakapata ardhi kaskazini ya mji na kujenga kituo ambacho wanafunzi wake wa mwanzo hawakuwa watoto wa mjini hata kidogo. Walikuwa watoto waliokombolewa utumwani, wengi wao wakinunuliwa katika soko la Unguja kabla halijafungwa mwaka 1873 kwa mkataba ambao Sultani Barghash alilazimishwa na Waingereza kuutia saini. Misheni iliwafundisha kusoma, katekisimu, useremala na uhunzi, ikawalimisha mashamba, kisha ikawaozesha na kuwaweka katika kijiji cha uhuru. Watoto hao hawakuchagua shule, wala hawakuwa na wazazi karibu wa kuwachagulia. Washomvi, Wazaramo na Waswahili wengine wa mji waliendelea kuwapeleka watoto wao chuoni, na kwa miaka mingi elimu hizo mbili ziliishi kama majirani wasiosalimiana sana.

Utengano huo haukuwa wa hali za watu kama unavyosimuliwa mara nyingi, kwamba misheni ilikuwa kimbilio la watumwa na chuo mali ya waungwana. Yahya bin Abdallah, aliyejulikana kwa jina la Sheikh Ramiya, aliletwa Bagamoyo utotoni akiwa mtumwa kutoka upande wa Kongo, akasoma, akafanya biashara, akamiliki mashamba, akafungua chuo chake na kuwa khalifa mkubwa wa tarika ya Qadiriyya ambaye wafuasi wake walienea hadi bara. Waingereza walipoutwaa mji katika Vita vya Kwanza vya Dunia walimteua kuwa liwali, na alipofariki mwaka 1931 alikuwa mmoja wa wanazuoni mashuhuri wa pwani yote. Chuo kilimpandisha mtu aliyefika mjini bila ukoo, jambo ambalo shule nyingi za baadaye, pamoja na majengo yake yote, hazikulifanya kwa urahisi.

Mwenye shule wa tatu alikuwa Sewa Haji Paroo, mfanyabiashara wa Kiismailia wa Bagamoyo aliyezaliwa mwaka 1851 na kutajirika kwa kuiandalia misafara ya bara bidhaa na wapagazi. Katika miaka ya 1890, muda mfupi kabla ya kifo chake mwaka 1897, alitoa jengo la ghorofa kwa ajili ya shule na kulikabidhi kwa serikali ya Kijerumani, na kumbukumbu za mji zinaitaja shule hiyo kuwa iliyokusudiwa kupokea watoto bila kujali rangi. Yeye huyohuyo ndiye aliyetoa fedha za hospitali ya Dar es Salaam ambayo hatimaye ilizaa Muhimbili. Ukarimu wake unastahili kutazamwa kwa makini na wanaojadili elimu ya leo, kwa kuwa alikuwa mtu binafsi aliyeacha mali yake mikononi mwa umma badala ya kuanzisha shule ya kushindana nao.

Wajerumani nao walifungua shule za serikali, wakianzia Tanga mwaka 1892, na katika miaka iliyofuata Bagamoyo na Dar es Salaam zikapata za kwao. Shule hizo zilitumia Kiswahili, hazikufundisha dini, na lengo lake halikufichwa: kutoa makarani, wakalimani, maakida na walimu wa kuwahudumia watawala. Wamisionari walilalamika kwamba serikali ilikuwa ikiwapa Waislamu vyeo, na kwa hesabu ya makarani malalamiko hayo yalikuwa na ukweli, kwa maana wakazi wa pwani walipogundua kwamba shule ya serikali haingembatiza mtoto walimpeleka, na mtoto huyo aliporudi akiwa na kalamu na mshahara waliwapeleka na wengine. Kwa ujumla misheni zilikuwa na wanafunzi wengi kuliko serikali kwa mbali, zaidi ya laki moja kufikia mwaka 1914, lakini wengi wao walikuwa katika shule ndogo za vijijini zilizofundisha kusoma na katekisimu. Ngazi ya kupandia kwenye utumishi ilikuwa shule ya serikali, na ngazi hiyo ilisimama pwani. Anayeeleza kurudi nyuma kwa pwani kielimu kwa kutaja Uislamu pekee anapaswa kwanza kukieleza kipindi hiki.

Mabadiliko makubwa yalikuja baada ya vita. Waingereza walianzisha Idara ya Elimu mwaka 1920 chini ya Stanley Rivers-Smith wakiwa na fedha kidogo na nchi kubwa. Mwaka 1924 tume ya mfuko wa Kimarekani wa Phelps-Stokes, iliyoongozwa na Thomas Jesse Jones na kumjumuisha msomi wa Kiafrika James Aggrey, ilitembelea Afrika Mashariki na kushauri kwamba serikali na misheni zishirikiane. Mwaka 1925 Gavana Donald Cameron aliitisha mkutano wa elimu mjini Dar es Salaam, na sheria ya elimu ya Waafrika ya mwaka 1927 ikauweka ushirikiano huo katika maandishi. Chombo chake kilikuwa ruzuku, yaani fedha ya serikali aliyopewa mwenye shule kwa masharti: shule isajiliwe, walimu wawe na vyeti vinavyotambuliwa, mtaala wa Idara ufuatwe, na mkaguzi aingie darasani anapotaka. Mwenye shule alibaki na haki ya kuajiri, kufundisha dini yake na kuupa mlango wa shule jina la mtakatifu wake.

Mtu akiondoa lugha ya zama zile, atakachokiona ni shule ya mkataba. Fedha ni ya umma, mwendeshaji ni wa nje ya serikali, masharti yameandikwa, na malipo husitishwa masharti yakivunjwa. Kwa upande wa taaluma mpango huo ulifanya kazi yake, na shule kadhaa bora zilizorithiwa na nchi huru zilikuwa shule za misheni zilizopata ruzuku. Kasoro yake ilikuwa mahali pengine. Katika nadharia ya Wamarekani fedha humfuata mtoto, lakini katika Tanganyika fedha ilimfuata mwenye shule, na mwenye shule alikwenda alikokuwa na waumini, hewa nzuri na wakulima wa kahawa walioweza kuchangia matofali. Ndiyo sababu miteremko ya Kilimanjaro na nchi ya Bukoba zilipata shule za ruzuku kwa wingi, na pwani, iliyokuwa na watoto wengi lakini waumini wachache wa kanisa, ikapata chache.

Vyuo vya Kurani havikuweza kuingia katika mpango huo, kwani havikuwa na walimu wenye vyeti vya Idara wala mtaala unaokaguliwa, na Waislamu hawakuwa na makao makuu ng'ambo ya kuwatumia walimu na fedha za kuinua chuo kifikie daraja la kupata ruzuku. Ni haki kusema pia kwamba shule za katekisimu za vijijini nazo zilinyimwa ruzuku kwa sababu hizohizo. Tofauti ni kwamba misheni ilikuwa na uwezo wa kuteua baadhi yake na kuzipandisha. Mzazi wa Bagamoyo asiyetaka mwanawe asomee misheni alibaki na shule za serikali, ambazo idadi yake haikuongezwa kwa kasi, kwa sababu kila shilingi iliyotolewa kwa ruzuku ilihesabiwa kuwa imekwisha kupunguza haja ya shule ya serikali. Hapo ndipo wazo la kumtegemea mwendeshaji binafsi liliiumiza shule ya umma bila mtu yeyote kukusudia kuiumiza.

Juu ya ugawaji wa dini kulikuwa na ugawaji wa rangi. Watoto wa Kizungu, wa Kihindi na wa Kiafrika walisoma katika mifumo mitatu iliyotengwa, kila mmoja na bajeti yake, na gharama kwa mtoto wa Kizungu haikukaribiana na ile ya mtoto wa Kiafrika. Jumuiya za Kihindi zilijenga shule zake na kupata ruzuku pia, lakini kwa Bagamoyo faida ya shule hizo ilipungua mapema, maana reli na bandari vilipouhamishia uchumi Dar es Salaam familia nyingi za Mtaa wa India zilifunga maduka na kuufuata. Nia ya Sewa Haji, ya jengo moja kwa rangi zote, ilikuwa imesahauliwa na sera.

Waafrika hawakungoja. Jumuiya ya Ustawi wa Waislamu wa Afrika Mashariki, iliyoanzishwa mwaka 1945 kwa msukumo wa Aga Khan, ilijenga shule na misikiti. Na mwaka 1955, chama cha kupigania uhuru cha TANU kikiwa na umri wa mwaka mmoja, ilianzishwa Jumuiya ya Wazazi wa Kiafrika Tanganyika, maarufu kwa kifupi cha TAPA, ambayo ilifungua shule nyingi za hali ya chini kwa ajili ya watoto waliokosa nafasi kwingine. Maofisa wa elimu walizidharau kwa ubovu wa majengo. Shule hizo zilikuwa, hata hivyo, mfano adimu wa uchaguzi uliofanywa na maskini wenyewe, na Jumuiya ya Wazazi ya leo ndiyo iliyourithi ukoo wake.

Tanganyika huru ilianza na rangi, ambapo sheria iliyoanza kutumika Januari 1962 ilifuta ubaguzi wa rangi katika kuandikisha wanafunzi. Ada ya sekondari za umma iliondolewa katikati ya muongo huo. Suala la dini lilikuwa gumu zaidi, kwa kuwa shule ambayo kwa karatasi ilikuwa wazi kwa wote iliendelea kuajiri, kuchuja na kusali kwa namna ya mwenyewe. Baada ya Azimio la Arusha na waraka wa Elimu ya Kujitegemea, yote ya mwaka 1967, Bunge lilipitisha Sheria ya Elimu Namba 50 ya mwaka 1969, iliyompa Waziri mamlaka ya kuzitwaa shule zilizokuwa zikiendeshwa kwa ruzuku. Shule ya Mtakatifu Fransisko ya Pugu, ambako Mwalimu Nyerere mwenyewe alifundisha hadi mwaka 1955, ikawa sekondari ya serikali. Shule ya wavulana ya Aga Khan mjini Dar es Salaam ikawa Tambaza. Konventi ya Mtakatifu Yosefu ikawa Forodhani.

Kutaifisha kulipindua swali. Zamani ilikuwa shule ikimchagua mwanafunzi kwa dini na rangi. Sasa serikali ilimchagua mwanafunzi na kumpangia shule, mara nyingi mbali na kwao, na nafasi za sekondari ziligawanywa kwa mikoa na wilaya ili maeneo yaliyoachwa nyuma yapate sehemu. Kwa pwani hilo lilikuwa jambo la manufaa lisilopaswa kubezwa: mtoto wa Dunda aliyefaulu darasa la saba aliweza kukalia dawati la Pugu au la Kibaha, shule iliyojengwa kwa msaada wa nchi za Skandinavia katika miaka ya 1960 na kukabidhiwa kwa serikali mwaka 1970, bila kuulizwa ubatizo wala ada. Ada ya msingi iliondolewa mwaka 1973, Azimio la Musoma la 1974 likaweka shabaha ya kila mtoto kusoma ifikapo 1977, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 shule za msingi zilikuwa na wanafunzi zaidi ya milioni tatu. Wengi wao walifundishwa na vijana waliomaliza darasa la saba na kupewa mafunzo mafupi, na ubora ulidhurika. Katika historia yote inayosimuliwa hapa, hicho ndicho kipindi pekee ambacho mtoto wa mkulima wa minazi na mtoto wa mkuu wa wilaya walikuwa na uwezekano wa kweli wa kukaa dawati moja.

Uzio wa mfumo huo ulikuwa na matundu tangu mwanzo. Seminari, yaani shule za kuandaa mapadri, hazikutaifishwa, na baada ya muda zikawa miongoni mwa shule zenye matokeo bora. Tundu la pili lilitobolewa na uhaba. Serikali, ikiwa imeelekeza nguvu katika elimu ya msingi, iliacha sekondari zake zikiwa chache mno kiasi kwamba kati ya wahitimu mia moja wa darasa la saba wasiofika watano ndio waliopata nafasi, na wazazi wa Kilimanjaro na mikoa mingine yenye mazao ya biashara wakajenga sekondari zao. Serikali ilizisajili kwa shingo upande, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1980 sekondari binafsi zilikuwa zimezizidi za serikali kwa idadi. Mgawanyo wa nafasi kwa mikoa, uliokusudiwa kuisaidia mikoa kama Pwani, ulizidiwa maarifa kwa harambee.

Muongo wa 1990 ulihalalisha kilichokuwa kimekwisha kutokea. Februari 1992 serikali ilitia saini makubaliano na makanisa kuhusu huduma za elimu na afya, hatua iliyolalamikiwa na taasisi nyingi za Kiislamu, ambazo ziliona kivuli cha ruzuku ya 1927 kikirudi. Baadaye, katika mwaka wa mwisho wa Rais Benjamin Mkapa madarakani, Chuo Kikuu cha Waislamu Morogoro kilianza katika majengo yaliyokuwa chuo cha shirika la umeme, ambayo serikali iliwakabidhi Waislamu. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1995 iliruhusu bila kigugumizi watu binafsi kumiliki shule za kila ngazi, zikiwemo za msingi zinazofundisha kwa Kiingereza. Lugha ndiyo iliyouza. Shule za msingi za umma zilifundisha kwa Kiswahili lakini sekondari zote zilifundisha na kutahini kwa Kiingereza, na mzazi aliyeweza kulipa alinunua daraja la kuvukia pengo ambalo serikali yenyewe ililiacha wazi. Halmashauri nazo zina shule za mchepuo wa Kiingereza zinazotoza ada, kama Olympio na Bunge za Dar es Salaam, na kwa hiyo uchaguzi wa kulipia umeingia hadi ndani ya shule za umma zenyewe.

Bagamoyo ilipokea wimbi hilo kwa namna yake. Mapadri walewale wa Roho Mtakatifu walianzisha katika miaka ya 1990 Sekondari ya Wasichana ya Marian, ambayo kwa miaka mingi imekuwa katika orodha za shule bora nchini. Barabara ya Dar es Salaam ilipowekwa lami, shule za bweni ziliota Mapinga, Kerege na kwingineko, kwenye ardhi nafuu iliyo karibu na wazazi wenye kipato. Wanafunzi wake wengi hutoka nje ya wilaya. Kwa hiyo mgeni anayeusoma ukanda huo katika orodha za matokeo anaweza kuudhania kuwa ngome ya elimu, ilhali watoto wa wavuvi na wakulima wa kata zilezile husoma katika shule nyingine kabisa, na alama za waliokuja kwa mabasi ya shule hazisemi lolote juu yao.

Shule hizo nyingine zilitokana na juhudi kubwa ya umma ambayo historia haina budi kuikiri. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, ulifuta tena ada mwanzoni mwa miaka ya 2000, na wanafunzi wa msingi wakapanda kutoka takriban milioni 4.4 mwaka 2000 hadi milioni 7.5 mwaka 2005. Kisha zikaja sekondari za kata. Mwaka 2005 nchi ilikuwa na sekondari za serikali 1,202. Mwaka 2010 zilikuwa 3,397. Zilijengwa kwa michango na nguvu za wananchi, nyingi zikafunguliwa bila maabara, bila nyumba za walimu na kwa walimu wachache, na matokeo ya kidato cha nne cha 2012, ambapo zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata daraja sifuri kabla matokeo hayajapangwa upya, yaliuanika udhaifu huo. Wengi walihitimisha siku ile kwamba shule ya umma imeshindwa. Hitimisho hilo lilipuuza kwamba watoto wengi walioingia ukumbi wa mtihani mwaka ule wasingefika sekondari kabisa miaka kumi nyuma.

Athari za shule binafsi kwa shule ya umma si zile zinazotajwa sana. Haikuwa hasa kupotea kwa fedha, kwa kuwa tangu kutaifishwa serikali haimlipii mtoto anayesoma shule binafsi, na ruzuku ya uendeshaji, iliyopangwa shilingi 10,000 kwa mwaka kwa mwanafunzi wa msingi na 25,000 kwa wa sekondari, hutolewa kwa shule za umma tu. Wala haikuwa kuibiwa walimu pekee, maana kila serikali inapotangaza ajira mpya ni shule binafsi zinazobaki zikitafuta walimu katikati ya muhula. Kilichopotea ni wazazi wenye sauti. Diwani, daktari wa wilaya, mwenye duka la jumla na mara nyingi mwalimu mwenyewe wa shule ya umma humsomesha mwanawe kwingine, na mkutano wa wazazi unabaki na watu ambao mkurugenzi wa halmashauri haoni aibu kuwasubirisha. Shule ya umma ya miaka ya 1970 ilikuwa na upungufu mwingi, ila mwenye mamlaka aliusikia nyumbani kwake wakati wa chakula cha jioni.

Athari ya pili ni ya vipimo. Baadhi ya shule binafsi huchuja kabla ya kupokea, kisha huwarudisha darasa au kuwahamisha wasiofikia wastani wa shule, desturi ambayo wizara imeikemea mara kadhaa, na matokeo ya waliobaki hulinganishwa na ya shule ya kata isiyoruhusiwa kumkataa mtu. Baraza la Mitihani liliacha Januari 2023 kutangaza shule zilizoongoza kitaifa, likieleza kwamba kulinganisha shule zenye mazingira tofauti hakuna tija. Uamuzi huo ulikuwa sahihi, ingawa ulichelewa.

Rais Jakaya Kikwete, mzaliwa wa Msoga katika Wilaya ya Bagamoyo, alizindua Februari 2015 sera mpya iliyoahidi elimu ya msingi bila ada hadi kidato cha nne, na utekelezaji ulianza Januari 2016 chini ya Rais John Magufuli. Wakati huohuo serikali ilifikiria kuziwekea shule binafsi ada elekezi, yaani kiwango ambacho ada isingezidi, kisha ikaachana na mpango huo. Matokeo ya maamuzi hayo mawili ni mfumo wenye mipaka ya wazi kuliko wakati wowote tangu 1969, wa bure upande mmoja na wa bei ya soko upande wa pili, na katikati, ukiacha shule chache za halmashauri zinazotoza ada, hakuna kitu.

Kwamba katikati kunaweza kujazwa kumeonekana Uganda, ambako mpango wa sekondari kwa wote wa mwaka 2007 uliwalipa wamiliki wa shule binafsi shilingi 47,000 za nchi hiyo kwa kila mwanafunzi kwa muhula katika maeneo yasiyo na sekondari ya serikali. Maelfu ya watoto wa vijijini waliingia shule kwa njia hiyo, lakini kiwango kilikuwa kidogo, malipo yalichelewa, wamiliki wakatoza michango ya pembeni, na mwaka 2018 serikali ilianza kuusitisha mpango ili fedha zijenge shule zake. Na kumeonekana pia hapahapa Tanzania, katika sekta nyingine. Serikali imeingia mikataba na hospitali za makanisa kuwa hospitali teule za wilaya, ikilipa mishahara na huduma kwa sharti kwamba kila mwananchi atibiwe humo. Hospitali ya Kianglikana ya Muheza, katika pwani hiyohiyo ya kaskazini, inajulikana na watu kwa jina moja tu, Teule. Hakuna aliyeeleza vya kutosha kwa nini taifa linalokubali padri amtibu Mwislamu kwa fedha ya serikali halijawahi, tangu 1969, hata baada ya makubaliano ya 1992, kutekeleza mkataba wa namna hiyo kwa shule. Jibu linalowezekana ni kwamba mgonjwa hurudi nyumbani na imani yake, na kumbukumbu ya ruzuku bado ni mbichi.

Kumbukumbu hiyo ina haki ya kuheshimiwa na wote wanaopendekeza leo kwamba serikali iwalipe waendeshaji binafsi. Mpango wa 1927 haukuharibiwa na ubaya wa shule za misheni, ambazo nyingi zilikuwa nzuri. Uliharibiwa na kutouliza mapema ni watoto gani wangeachwa nje. Swali hilo linaweza kuanza kujibiwa sasa bila sheria mpya. Halmashauri ya Bagamoyo, na nyingine zote zinazojivunia shule binafsi zinazong'ara, zitangaze kila mwaka, kwa kila shule iliyopewa ardhi na usajili ndani ya mipaka yao, ni watoto wangapi wa kata ile ile wanaosoma humo, na wangapi kati yao wanasomeshwa kwa ufadhili. Wazazi wa Dunda wana haki ya kuzisoma takwimu hizo kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya kata kabla hawajaambiwa kwamba uhuru wa kuchagua shule ni wa kila mtu.